Supu ya Mzazi na Ngao ya Mfalme

Isome hii mpaka mwisho kabla hujamtumia mwingine, maana wapo watakaoishia katikati wakadhani ni hadithi ya mnyama.

Ilikuwepo nchi moja ya bara iliyogawanyika pande mbili. Mlimani ndiko ilikokuwa ikulu, na majaji, na wapiga tarumbeta, na watu waliozoea kupishwa njiani. Bondeni waliishi wakulima wa mtama. Hao wa Mlimani waliwapa wenzao wa Bondeni jina la dharau, wakawaita wala miiba, kwa sababu walikula kalunguyeye.

Kalunguyeye unamjua. Kamnyama kanakotosha kwenye viganja viwili, mgongo wote miiba, ukikagusa kanajikunja kama mpira. Watu wa Mlimani waliona kinyaa hata kumtazama. Watu wa Bondeni nao hawakumla ovyo. Alikuwa chakula cha mzazi. Mwanamke akishajifungua alipikiwa supu ya kalunguyeye ili maziwa yashuke, na katika miaka ya ukame supu hiyo ndiyo iliyomtenga mtoto na kaburi.

Milembe alikuwa binti wa Bondeni, na alijifungua mtoto wake wa kwanza mwaka ambao mvua ilikataa kabisa. Maziwa hayakuja. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akarudi kunyonya, na mwishowe akawa analia bila sauti, mdomo tu umefunguka. Milembe alikuwa akimtazama huku akiona aibu, kana kwamba ni yeye aliyeficha maziwa makusudi.

Mama yake, Kasinde, alichukua kapu akatoka. Aliporudi, kapu lilikuwa na kalunguyeye mmoja, naye akainjika chungu.

Tatizo ni kwamba wakati huo kupika kalunguyeye kulikuwa kosa la jinai.

Ilianzaje? Ilianza kwa shukrani, na hapo ndipo mimi huchoka. Mfalme Lwenge, kabla hajakalia kiti, alinyang'anywa urithi na kaka yake. Alikimbia kutoka Mlimani peku, akajificha Bondeni msimu mzima, na watu wa Bondeni wakamficha. Aliporudi na kushinda, alitangaza kwamba hatawasahau wema wao. Akaagiza ngao mpya ya ufalme, na katikati ya ngao, mahali alipokuwa simba, akachorwa kalunguyeye mweusi amesimamisha miiba. Chini yake pakaandikwa: MDOGO, LAKINI HAGUSWI.

Bondeni walicheza ngoma mpaka vumbi likazuia watu kuonana. Walisema sasa tumetambuliwa. Walisema mjukuu wako ataiona ngao hiyo shuleni na hatacheka tena lafudhi yake.

Baada ya ngao ikaja sheria. Wanasheria wa ikulu walisema haiwezekani alama ya taifa iwe inachemka kwenye vyungu vya watu. Kwa hiyo kalunguyeye akawa mnyama wa mfalme, na kumpika au kumla kukawa ni kuitukana nchi. Baada ya sheria ikaja mitindo. Mabibi wa ikulu walianza kufuga kalunguyeye kwenye vikapu vya pamba. Waliwavalisha shanga. Watoto wao walipolalamika kwamba wanachomwa, wakaajiriwa vinyozi wa kuwakata miiba kwa mkasi. Ndivyo ilivyokuwa: ukutani kalunguyeye amesimamisha miiba, sebuleni kalunguyeye amenyolewa kama mswaki wa zamani, na ndani ya nyumba ya Milembe mtoto analia bila sauti.

Askari waliolinda sheria hiyo waliitwa askari wa nembo. Walipita Bondeni wakipekua majaa. Kwenye jaa la Kasinde walikuta miiba.

Milembe alikuwa ameonja vijiko viwili vitatu tu. Askari mmoja, kijana mwenye adabu zake, aliomba radhi kwa mzazi, kisha akakimwaga chungu kizima mlangoni. Kasinde akafungwa mikono.

Mzazi wa Bondeni hatoki nje mpaka mtoto apewe jina. Milembe alitoka. Alimfunga mtoto kifuani, akamfuata mama yake kupanda Mlimani, na nyuma yake wakafuata majirani, wakiongozwa na kaka wa Kasinde, Mjomba Budeba. Budeba alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe vizuri. Njia nzima alikuwa akisema kwamba serikali si adui, serikali inahitaji tu kuelezwa.

Na kweli alijaribu kueleza. Kabla ya kesi alizungumza pembeni na mwendesha mashtaka, akarudi uso umechangamka. Alisema njia ipo. Kasinde aseme tu kwamba mnyama aliyempika alikuwa nungunungu. Nungunungu naye ana miiba, sheria haimlindi, na hakuna jaji wa Mlimani anayejua miiba ya huyu na ya yule. Atakemewa kidogo, atarudi nyumbani, ataangaliwa asirudie.

Milembe alimwomba mama yake akubali. Alimwomba huku akimfunulia uso wa mtoto.

Kasinde aliutazama uso huo kwa muda. Kisha akasema hapana, na hakusema kwa kiburi. Alisema yeye hana haja ya kudanganya, maana kesi hii haiwezi kusikilizwa na mfalme.

"Dada," Budeba alisema, "mfalme ndiye mfalme. Atashindwaje?"

"Alikula chungu changu."

Bondeni hilo lilikuwa neno zito. Kwao, mtu aliyekula chungu kimoja na mshtakiwa hakai kwenye kiti cha hukumu. Anainuka, anakuja kukaa chini, upande wa mshtakiwa, na kesi inahukumiwa na mwingine. Haikuwa sheria ya kuandikwa. Hata baba wa mtu aliinuka. Hata adui yako, kama alishawahi kula kwako, aliinuka huku amenuna. Hakuna mtu wa Bondeni aliyewahi kumwona mwenzake anabaki kwenye kiti, kwa hiyo hakuna aliyewahi kujiuliza kitatokea nini akibaki.

Budeba mwenyewe alianza kutabasamu. Akasema, basi tumeshinda.

Ukumbi wa ikulu ulikuwa umejaa. Ngao ilitundikwa ukutani, kubwa kama mlango. Chini yake alikaa Mfalme Lwenge, mtu mzima sasa, ana tumbo na mvi za heshima, na miguuni pake bintiye mdogo alikuwa akichezea kalunguyeye aliyenyolewa. Kasinde alifunguliwa mikono, na mwendesha mashtaka akasoma kosa. Akauliza ni mnyama gani aliyekuwa chunguni, na alilivuta hilo swali, akimwachia Kasinde nafasi.

"Kalunguyeye," Kasinde alisema. "Na sijaja kukana."

Ndipo akamgeukia mfalme. Alimkumbusha mwaka wa kukimbia kwake. Alimkumbusha ghala la mtama alikolala, na homa aliyokuwa nayo, na namna alivyokuwa akishtuka kuku akipita. Alisema mwaka huo nao ulikuwa wa njaa, na ndani ya nyumba kulikuwa na chungu kimoja tu cha supu, nayo ilikuwa ya kwake yeye, Kasinde, kwa kuwa alikuwa ndiyo kwanza amejifungua.

"Nilikupa wewe," alisema. "Siku kadhaa ulikunywa wewe, na mtoto wangu akanyonya maji. Mtoto mwenyewe ni huyu hapa."

Akamnyooshea kidole Milembe.

Milembe hakuwa akijua. Mama yake hakuwahi kumwambia. Alihisi watu wote wamegeuka kumtazama, yeye na kile kifurushi kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu ajifungue hakuona aibu. Aliona hasira, na hasira ilimpa nguvu ya kusimama wima.

"Kwa hiyo inuka, mwanangu," Kasinde alimwambia mfalme, kwa sauti ile ile ambayo mama humwambia mtoto wa jirani atoke kwenye kiti cha mgeni. "Njoo ukae upande wangu. Atahukumu mwingine."

Watu wa Bondeni wote walitazama miguu ya mfalme.

Mguu mmoja ulisogea. Milembe aliuona. Watu walishusha pumzi. Lakini mfalme alikuwa anajiweka sawa tu kwenye kiti.

"Mama huyu anasema kweli," Mfalme Lwenge alianza, na ukumbi ukavuma. Aliinua mkono pakawa kimya. Hakukasirika. Nadhani angekasirika ingekuwa afadhali. "Yuko mkimbizi mmoja aliyekula kwake. Namkumbuka sana. Alikuwa mchafu, ana homa, anaogopa kuku. Lakini mkimbizi yule hakuwa mfalme, na mfalme huyu si mkimbizi. Mimi sijala kwako. Nikiinuka kwenye kiti hiki kwa deni la mtu mwingine, nitakuwa nimeiibia nchi. Mtafute yule aliyekula. Ukimpata, mlete akae upande wako."

Wasomi wa ikulu walitikisa vichwa kwa kuisifu hoja. Ilikuwa hoja nzuri, sikatai. Ungeweza kuiandika ubaoni ukafundishia. Mmoja wao alimnong'oneza mwenzake kwamba hiyo ndiyo tofauti kati ya cheo na mtu, na mwenzake akasema ee, hiyo ndiyo.

Kasinde alibaki amesimama, mkono bado umeelekea mahali pa mfalme pa kukalia, pale chini upande wake. Mama huyo hakuwahi kufikiria kwamba yupo mtu anayekumbuka vizuri kabisa na bado hainuki. Alikitazama kile kiti kama mtu aliyeweka mguu mahali alipojua pana ngazi, akakuta hapana.

Kisha akatazama ngao ukutani. "Hapo mmeandika mdogo haguswi," alisema. "Mdogo mwenyewe ni nani?"

Yule binti wa mfalme aliinua kalunguyeye wake juu, akidhani mama huyu anaomba kumwona.

Hukumu ilikuwa fupi. Kwa kupika nembo angefungwa kwa muda, lakini kwa kumsema mfalme kwamba aliila nembo, hatakanyaga tena ardhi ya nchi hiyo. Angevushwa mto wa mpakani mchana ule ule. Walimtoa kwa mlango wa nyuma. Milembe hakupewa hata nafasi ya kumshika mkono.

Watu wa Bondeni waliambiwa waende zao. Wakatoka, wakazunguka, wakakaa chini ya ukuta wa nyuma wa ikulu kwenye kivuli, kwa sababu mtoto alikuwa amelegea na Milembe hakuweza tena kutembea kwenye jua lile. Majirani walimpa maji. Budeba alisema maneno ya kufariji. Alisema mpakani kuna watu wema, alisema hukumu hubadilika, alisema mfalme alionekana ameguswa. Milembe alikuwa hamsikilizi. Alikuwa akijaribu kumnyonyesha mtoto, na mtoto hakuwa akijaribu tena.

Wakati jua linaanza kupungua ukali, ilikuja harufu.

Kalunguyeye hachunwi kama sungura. Anaviringishwa kwanza kwenye majivu ya moto mpaka miiba iungue, na miiba ikiungua hutoa harufu kama ya nywele, kali, inapanda puani na kukaa. Hakuna kitu kingine chenye harufu ile, na hakuna mtu wa Bondeni asiyeijua, maana kila mmoja wao mama yake alipikiwa. Ilikuwa ikitoka juu ya ukuta, kutoka upande wa majiko ya ikulu. Baada ya muda ikafuata ya pili, tamu zaidi: ufuta unaokaangwa. Wanawake wengine wa Bondeni walitia chumvi na pilipili basi. Ufuta alitia Kasinde peke yake, alifundishwa na bibi yake, na majirani walikuwa wakimcheka kwamba anaharibu supu.

Milembe aliinuka na mtoto wake, akaenda hadi kwenye kilango cha jikoni alikosimama mlinzi.

Alimuuliza mama yake yuko wapi. Mlinzi alisema ameshavushwa mto, saa hizi yuko nchi ya watu.

"Basi anayepika humo ndani ni nani?"

"Anapika nini?"

"Kalunguyeye."

Mlinzi alimtazama kwa huruma ya kweli, nadhani alikuwa na dada. Akamwambia ashushe sauti. Akamwambia mnyama huyo ni wa kwenye ngao, katika nchi hii hakuna anayempika, sasa mfalme na apikiwe na nani?

Milembe hakuwa ametaja mfalme.

Aligeuka kuwatazama watu wake. Walikuwa wamesimama wote, pua juu, kama ng'ombe waliosikia mvua. Ilikuwa wazi kwamba wameelewa. Ilikuwa wazi kwamba kila mmoja, kwa wakati mmoja, ameona sheria ile ilivyotungwa na sababu yake: mtu aliyewahi kuonja supu akiwa na njaa, asiisahau, akapata nguvu ya kuifanya yote iwe yake.

"Jamani," Milembe alisema, "si mnasikia harufu?"

Aliyekuwa karibu zaidi ni jirani yao mmoja, mwanamke aliyemzalisha. Huyo alisema ana mafua. Mwingine alisema huenda ni mhunzi anachoma kwato za punda, ikulu kuna punda wengi. Wa tatu akadakia upesi kwamba ndiyo, ni mhunzi, na yeye amesikia nyundo. Wakaanza kukubaliana. Ungewasikia ungedhani wamekaa kikao. Mhunzi, mhunzi, mhunzi.

Milembe aliweka mdomo kwenye ufa wa kile kilango akaita, "Mama."

Ndani, mchi uliokuwa ukitwanga ufuta ulinyamaza.

Wote waliusikia ukinyamaza. Mlinzi aliusikia. Budeba aliusikia, nataka hilo lijulikane. Ulinyamaza kwa muda wa mtu kuvuta pumzi na kuiachia. Halafu sauti ya mwanamume ikasema kitu kwa ukali, na mchi ukaanza tena kutwanga.

"Mjomba," Milembe alisema. "Ni mama. Ni ile supu yangu."

Mjomba Budeba alimshika bega, kwa upole kabisa, akamgeuza kuelekea njia ya Bondeni. "Twende, mwanangu," alisema. "Mzazi ana mambo mengi. Husikia hata yasiyokuwepo."

Wakashuka. Njiani yule mwenye mafua alisema mara mbili kwamba mwaka huu punda wa ikulu wanakwisha sana kwato.

Maziwa hayakuja. Mtoto hakuwahi kupewa jina, kwa hiyo sina jina la kukutajia.

Milembe alizunguka Bondeni nzima akisimulia alichokisikia. Alisimulia visimani, alisimulia misibani, alisimulia mpaka watu wakawa wanamkwepa njiani. Walisema uzazi umempanda kichwani. Wakambandika jina, Milembe wa Harufu, na watoto waliokuwa wakimpita walishika pua.

Na sikukuu ya nembo ilipofika, watu wa Bondeni walialikwa Mlimani kucheza ngoma mbele ya mfalme, kama heshima kwa waliompokea alipokuwa mkimbizi. Walikwenda. Walivaa vizuri. Aliyechaguliwa kubeba ngao mbele ya msafara alikuwa Mjomba Budeba, na waliomwona wanasema aliibeba vizuri sana.

Funzo: Mtawala akikuweka kwenye ngao yake, usicheze ngoma kabla hujajua ameweka nini kwenye sahani yake. Lakini tusimlaumu yeye peke yake, kwa sababu ukuta wa jiko lile haukuwa mrefu. Ulisimamishwa na wote waliosikia harufu wakasema ni mhunzi.